Njia za Kichwani

Alisema: kesho aje hajalala, hana mafuta,
nywele zifumuliwe zote, zioshwe kwa sabuni ya mche.
Basi usiku ule, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
umeme ukakatika saa nne.
Nikaiegemeza simu kwenye glasi, tochi juu,
nikamfumua Mwanasiti njia moja baada ya nyingine,
vidole vyangu vimnyime usingizi.
Kichwa kikinesa, navuta unywele.

"Kitendawili!"
"Tega," kope zimeshuka nusu.
"Nyumba yangu haina mlango."
"Yai. Hicho cha watoto, mama."
Nikacheka. Safari hii sikuwaza yai.

Miaka kumi na tisa nasuka.
Vichwa vya watu navijua kwa kupapasa:
cha mwenye deni, ngozi hukaza juu ya masikio;
cha bi harusi hupata moto utosini.
Na hiki nilichokizaa
nakijua hadi kovu la jiko la mkaa,
siku alipoanguka akikoroga uji,
akarudi baada ya dakika mbili, akauliza nani kaumwaga.
Kila mtu mtaani alikuwa na jina la ugonjwa ule.
Mimi nilikuwa na kitambaa cha kumfutia povu.

Hospitalini, Shemdoe, kijana wa sauti ya chini,
alitoa utepe, ule ule wa mafundi cherehani.
Kutoka bonde la pua hadi kifundo cha kisogo.
Kutoka sikio hadi sikio, akipita utosini.
Akagawa: kumi kwa mia, ishirini, ishirini,
ishirini, ishirini, kumi.
Kwa kalamu ya nta nyekundu akatia alama,
nami nimesimama pembeni, wivu umenijaa:
mwenzangu anapasua njia, lakini hasuki.

Vikombe ishirini na kimoja, vidogo kama vifungo vya shati,
akavibandika kwa ute mweupe wa chengachenga.
Nyaya zikaning'inia mgongoni, rasta za kila rangi.
"Unamtia umeme?"
"Hapana, mama. Nausikiliza wake."

Wake!
Sisi ambao juzi tumekopa hela ya luku.

"Fumba macho," akasema.
Na kule kisogoni, mahali pasipo na jicho,
yakaamka mawimbi, yamelingana, kumi kwa sekunde.
"Fumbua." Yakatulia.
Mara tatu. Nilitaka kuomba ya nne.

Akampa feni ya karatasi aipulize dakika tatu.
Akammulika kwa taa ya kupepesa.
Kisha akazima kila kitu: "Sasa alale."
Usingizi niliomnyima ukambeba mzima mzima,
na kwenye kioo, juu ya sikio la kushoto,
ikachomoza miiba.
Mtoto hakutikisa hata kidole.
Kile kinachomwangusha nilikiona kikipita
kama mtu apitaye nje ya dirisha, hageuki.

"Hapo anaota nini?"
"Mashine haijui. Inasikia kuna watu ndani;
maneno yao haiyapati."
Kuna nyingine, akasema, ya sumaku,
huuchora ubongo kipande kwa kipande kama boflo;
iko mbali, ina foleni, na hereni huvuliwa.
"Hiyo huona ndoto?"
Akakuna shingo. "Hata hiyo."
Nilimpenda kwa kukiri.

Jioni nikamwosha kwa maji ya vuguvugu.
Ute ukatoka, nta ikagoma:
vidoa vyekundu, safu kwa safu, juu ya ngozi yake.
Nikatafuta kitana.
Njia ya kwanza nikaipasua papo hapo,
kutoka doa hadi doa, kwa hesabu ya Shemdoe.
Nilipofika juu ya sikio la kushoto
mkono ukawa mwepesi, kama unapita mahali pa mgonjwa aliyelala.

"Unanisuka mtindo gani?"
"Sijui bado. Tulia."